Uzi: Wajerumani wa Volga – walialikwa na malkia, wakahamishwa na Stalin, Ujerumani ikawaona Warusi

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Wiki hii kwenye uzi wa Vita ya Pili ya Dunia mchangiaji mmoja aliandika kwamba Stalin alikuwa na haki kuwahamisha Wajerumani wa Urusi kwa sababu walimpokea Hitler. Watu kadhaa wakamuunga mkono. Nimeona nisimjibu kwa mistari miwili, maana jambo lenyewe lina zaidi ya karne mbili na nusu nyuma yake, na wapo watu mpaka leo wanaoumizwa na maneno ya namna hiyo.

Nianze na tarehe. Jeshi la Ujerumani lilifika ukingo wa mto Volga Agosti 1942, pale Stalingrad. Wajerumani wa Volga walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo Septemba 1941. Yaani walipoondolewa hakukuwa na askari hata mmoja wa Hitler aliyekuwa amekanyaga vijiji vyao. Wangempokea nani? Hapakuwa na shtaka la mtu mmoja mmoja, hakimu wala shahidi. Walihukumiwa kwa kabila lao, vikongwe na watoto wachanga pamoja.

Sasa tuone walifikaje huko.

Mwaka 1762 Ekaterina wa Pili alishika kiti cha enzi cha Urusi baada ya kumpindua mumewe, Peter wa Tatu. Mwenyewe alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kijerumani, mzaliwa wa Stettin. Alikuta himaya yenye nyika kubwa kusini-mashariki isiyolipa kodi wala kulimwa. Tarehe 22 Julai 1763 akatoa tangazo la kuwaita wageni kutoka Ulaya: njooni, mtapewa ardhi, uhuru wa dini, msamaha wa kodi wa miaka 30 kwa watakaofungua makazi mapya, mikopo isiyo na riba, mtajiendeshea mambo ya vijiji vyenu, na hamtaingizwa jeshini milele.

Hiyo "milele" naomba muikumbuke, kwa sababu kila kilichofuata kinatokana nayo.

Tangazo lilitua mahali penye njaa. Vita ya Miaka Saba ilikuwa imekwisha mwaka huohuo wa 1763, na majimbo kama Hesse na Rheinland yalikuwa yamebaki na madeni, mashamba yaliyoteketea na wanaume waliochoka kusombwa jeshini na watawala wadogowadogo. Mawakala wa malkia wakazunguka huko wakiandikisha watu. Mji wa Büdingen, Hesse, ulikuwa kituo kimojawapo cha kukusanyikia. Kwa kuwa familia ndizo zilizotakiwa, vijana wakawa wanafunga ndoa harakaharaka kabla ya kuondoka, na kitabu cha ndoa cha kanisa la Büdingen cha mwaka 1766 kimejaa mamia ya majina ya watu waliooana leo na kuanza safari siku chache baadaye.

Kutoka hapo walikwenda Lübeck, wakapanda meli kuvuka Baltiki hadi Oranienbaum karibu na Petersburg, wakala kiapo cha utii kwa malkia. Walipofika hapo ndipo walipogundua kwamba uchaguzi wa mahali na kazi waliokuwa wameahidiwa haupo. Fundi viatu, mwalimu, askari mstaafu, mtengeneza wigi, wote wakaambiwa: nyinyi ni wakulima, mnakwenda Saratov, kwenye mto Volga. Waliingia Urusi watu wapatao 30,000, na zaidi ya 20,000 wakafika Volga. Wengine walifia njiani, maana safari hiyo kwa mashua na mikokoteni, pamoja na kukaa majira ya baridi katika vijiji vya Warusi, ilichukua karibu mwaka mzima.

Kijiji cha kwanza, Dobrinka, kilianza Juni 1764. Katika miaka michache vikafika zaidi ya 100, kila kimoja na dhehebu lake: hapa Walutheri, pale Wakatoliki, kule Wareformati. Nyumba zilizoahidiwa hazikuwepo. Walichimba mashimo ardhini, wakayaezeka kwa matawi na udongo, wakaishi humo familia mbili tatu pamoja katika baridi ambayo hawakuwahi kuijua. Miti hakuna, kwa hiyo walijifunza kukausha samadi iliyochanganywa na majani makavu, kuikata vipande kama matofali na kuichoma jikoni. Mavuno ya miaka ya mwanzo yaliharibika mara kwa mara.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Kyela_Kwetu

Mkuu, shukrani kwa somo. Hao Wajerumani wa madhehebu, ndio hawa Wamoravian wa kwetu au ni wengine?

Mleta mada

Ndugu yangu umegusa penyewe. Walio wengi kule Volga walikuwa Walutheri na Wakatoliki, lakini kulikuwa na mji mmoja wa Wamoravian hasa: Sarepta, kusini kidogo mwa Tsaritsyn, ambayo leo ni Volgograd. Uliasisiwa mwaka 1765 na watu wa Herrnhut, makao ya Wamoravian kule Ujerumani, kanisa lilelile lililotuma wamisionari waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo Sarepta na Rungwe ni matawi ya mti mmoja yaliyopishana miaka 126.

Lengo lao kubwa Sarepta lilikuwa kuwahubiria Wakalmyki, wafugaji wa Kibudha waliokuwa wakihamahama katika nyika ile. Hawakufanikiwa, na serikali ya Urusi yenyewe haikutaka wawabatize, kwa sababu kazi hiyo iliachiwa Kanisa la Othodoksi. Lakini ufundi wao ulishika mizizi. Haradali ya Sarepta ilijulikana Urusi nzima. Na kuna kitambaa chepesi cha pamba cha mistari na mirabaraba kinachoitwa sarpinka, jina linalotokana na huko. Ufumaji wake ulisambaa kutoka Sarepta hadi vijiji vya jirani, hasa Balzer, na kwa zaidi ya karne moja akina mama wa Kirusi walishona magauni ya sarpinka.

Mwaka 1774 waasi wa Pugachev, Mkosaki aliyeongoza uasi dhidi ya malkia, waliupora mji huo, wakaazi wakawa wamekimbia. Walirudi wakajenga upya.

Nanyuki_254

Ndugu, hii hadithi ni nzuri lakini kuna kitu kinanisumbua. Kwetu Kenya tukisikia "mlowezi" tunajua maana yake: mtu aliyeletwa na serikali akapewa ardhi ya babu yangu. Hii ardhi ya Volga ilikuwa ya nani kabla hawajafika? Ama ndiyo ile "ardhi tupu" tuliyoambiwa ya Nyanda za Juu?

Mleta mada

Swali la haki kabisa, na sitaki kulikwepa.

Haikuwa tupu. Upande wa mashariki wa mto, ambao Wajerumani waliuita upande wa malisho, ulikuwa nyika ya Wakalmyki na Wakazakhi. Kwa mfugaji anayehama na majira, ardhi isiyo na nyumba si ardhi isiyo na mwenyewe. Malkia aliigawa kana kwamba ni yake. Mwaka 1771 Wakalmyki wengi, wakiwa wamechoshwa na kubanwa na Urusi, waling'oa mahema wakaondoka kuelekea mpaka wa China katika safari iliyowaua kwa makumi ya maelfu. Na miaka ya 1770 wapanda farasi wa Kikazakhi walivamia vijiji vya Wajerumani, wakavichoma, wakachukua mateka na kuwauza katika masoko ya watumwa ya Asia ya Kati.

Ukiangalia ramani unaiona hesabu ya malkia: hawa wakulima aliwapanga kama boma kati ya Urusi na watu wa nyika. Yeye hakulala karibu na boma hilo.

Lakini tofauti na mlowezi wa Kenya ipo. Mlowezi wa Nyanda za Juu alikuwa na bunge la kumsikiliza, bunduki ya serikali nyuma yake na vibarua Waafrika waliolazimishwa kwa kodi na kipande. Mkulima wa Volga alilima mwenyewe na wanawe. Hakuwa na hati ya shamba lake binafsi. Ardhi ilikuwa ya kijiji, na kwa miaka mingi waligawana upya kila baada ya muda kwa kuhesabu wanaume, kama vijiji vya Warusi. Hakuwa na sauti Petersburg. Alikuwa mtumiaji wa ardhi ya wengine na wakati huohuo mtumishi wa dola. Yote mawili ni kweli.

Na kwa kuwa umetaja kwetu: mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilijaribu kuleta Wajerumani kutoka Urusi na kuwapa mashamba Leganga, pale Usa River chini ya Mlima Meru. Mpango huo haukufika mbali. Ardhi ile, kama unavyojua, ilikuwa na wenyewe, Wameru, na wao ndio walioendelea kubeba mzigo wa mashamba ya walowezi wa kila aina kwa miaka mingi.

Mleta mada

Tuendelee na ile "milele".

Vijiji vilistawi. Ngano, tumbaku, matikitimaji, vinu vya upepo na vya maji. Watoto walikuwa wengi, ardhi ikapungua, wakaanzisha vijiji vipya ndani zaidi ya nyika. Sensa ya 1897 ilihesabu watu karibu milioni 1.8 wenye lugha ya Kijerumani katika himaya nzima, wa Volga, wa Bahari Nyeusi, wa Volhynia, wa Baltiki na wa mijini. Wale wa Volga walikuwa bado wanazungumza lahaja za vijiji vya Hesse na Pfalz ambazo huko kwenyewe zilishaanza kubadilika.

Mwaka 1871 Tsar Aleksanda wa Pili akafuta hadhi ya pekee ya walowezi. Mwaka 1874 ikaja sheria ya jeshi kwa wote. Kwa hiyo milele ya malkia ilidumu miaka 111. Mtu anaweza kusema ni haki raia wote wawe sawa, na mimi nakubali kwa hilo. Lakini wakulima hawa walikuwa na karatasi ya malkia mkononi, wakaona inafutwa bila kuulizwa. Wengi wakahitimisha kwamba ikiwa hii imewezekana, lolote linawezekana. Wakaanza kuhama.

Wakatoliki wa Volga walifika wilaya ya Ellis, Kansas, mwaka 1876, wakajenga Catharine, Munjor na Herzog, ambayo leo ni Victoria. Kanisa lao la Mtakatifu Fidelis, lililokamilika mwaka 1911, linaonekana kutoka mbali kwenye tambarare ile, na mawe yake waliyakata na kuyabeba waumini wenyewe. Walutheri wengi walikwenda Lincoln, Nebraska, wakafanya kazi za reli na za mashamba ya viazisukari, baba, mama na watoto wote wakiwa wameinama shambani. Huko ndiko mkate wao wa kuokwa wenye nyama ya kusaga na kabichi ndani ulikoanza kuuzwa katika mgahawa wa Runza mwaka 1949. Sasa ni mtandao wa migahawa jimbo zima.

Wengine walikwenda Brazil, jimbo la Paraná, wakakuta udongo unaokataa ngano, wakaondoka tena. Argentina ndiyo iliyowafaa. Januari 1878 walifungua Hinojo katika jimbo la Buenos Aires, mwaka huohuo wakaingia Entre Ríos, na 1887 vikaanza vijiji vitatu karibu na Coronel Suárez. Ukienda huko leo utakuta watu wenye majina ya Kijerumani, wanaongea Kihispania, wanakunywa yerba mate, chai ya majani ya huko, na babu zao wanasema asili yao ni Urusi.

Waliobaki ndio walioonja kilichofuata. Vita ya Kwanza ilipoanza 1914, kuzungumza Kijerumani hadharani kulipigwa marufuku. Mwaka 1915 zikatoka sheria za kuwanyang'anya ardhi walowezi wa Kijerumani, zikianzia mpaka wa magharibi. Wajerumani wa Volhynia wakafukuzwa kwa mikokoteni wakati vijana wao wako mstari wa mbele wakipigana kwa ajili ya Tsar. Februari 1917 sheria hizo zikapanuliwa kufika Volga. Mapinduzi yakamuondoa Tsar kabla hazijatekelezwa huko.

Bint_Pangani

Kaka yangu, nasoma huku nimeshika tama. Mapinduzi yaliwasaidia basi?

Mleta mada

Dada yangu, yaliwapa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Oktoba 1918 Lenin alisaini amri ya kuunda jimbo lao la kujitawala, na mwanzoni mwa 1924 likapandishwa kuwa Jamhuri ya Kisovieti Inayojitawala ya Wajerumani wa Volga. Makao makuu yalikuwa Pokrovsk, mji ulioitwa Engels kuanzia 1931, ng'ambo ya mto kutoka Saratov. Walikuwa na shule kwa lugha yao, chuo cha ualimu, jumba la tamthilia, gazeti la Nachrichten. Sensa ya 1939 ilikuta wakaazi 606,532, na 366,685 kati yao ni Wajerumani. Ni mahali pachache sana duniani nje ya Ulaya ya Kati ambapo Kijerumani kilikuwa na hadhi kama hiyo.

Lakini katikati ya hapo kuna njaa mbili. Serikali ya Wabolsheviki ilichukua nafaka kwa mtutu wa bunduki, pamoja na mbegu za kupandia, kisha mwaka 1921 mvua ikakataa. Volga nzima iliteketea, Warusi, Watatari na Wajerumani. Makumi ya maelfu walikufa katika vijiji vya Wajerumani peke yake. Hapo ndipo wale waliohama zamani walipofanya jambo ambalo kila ninapolisoma linanigusa. Shirika la Marekani la misaada, ARA, lilikuwa na utaratibu kwamba ukilipa dola 10 Marekani, ndugu yako Urusi anapewa kifurushi: unga, mchele, chai, mafuta, sukari na maziwa ya kopo. Vibarua wa viazisukari wa Nebraska na Colorado, watu ambao wenyewe walikuwa wanaishi kwa kubanabana, wakachanga dola 10, 10, wakawanunulia vifurushi ndugu ambao wengine hawajawahi kuwaona. Wazee wa vijiji waliandika barua za shukrani ambazo bado zipo kwenye makusanyo ya familia huko Marekani.

Njaa ya pili ilikuja 1932–33, baada ya mashamba kuunganishwa kwa nguvu. Safari hii vifurushi vilivyopenya vilikuwa vichache, na aliyepokea msaada kutoka nje alijiweka hatarini. Miaka ya 1937–38 walimu, wachungaji na hata viongozi wa chama wa jamhuri hiyo walikamatwa na wengi kupigwa risasi.

Mleta mada

1941.

Hitler aliivamia Urusi tarehe 22 Juni. Wajerumani wa Volga walijiandikisha kupigana kama raia wengine. Tarehe 28 Agosti Prisidiamu ya Sovieti Kuu, yaani uongozi wa bunge la nchi, ilitoa amri iliyosainiwa na Mikhail Kalinin. Ilidai kwamba miongoni mwa Wajerumani wa Volga wamo maelfu na makumi ya maelfu ya wahujumu na majasusi wanaosubiri ishara kutoka Ujerumani ili walipue vitu, na kwamba kwa kuwa hakuna aliyewaripoti, basi wote wanawaficha. Tazameni jinsi hoja hiyo ilivyojengwa: kukosekana kwa ushahidi kumegeuzwa kuwa ndio ushahidi. Amri hiyo ilichapishwa kwenye Nachrichten, gazeti lao wenyewe, tarehe 30.

Kuanzia 3 hadi 20 Septemba, chini ya usimamizi wa Ivan Serov wa NKVD, polisi wa siri wa Stalin, vijiji vilikombwa kimoja baada ya kingine. Familia ilipewa muda mfupi, mahali pengine saa 24, kufunga mizigo na chakula. Ng'ombe na nafaka vilikabidhiwa kwa stakabadhi, kwamba watafidiwa waendako. Walio wengi walibaki na vikaratasi hivyo mikononi. Yalikuwa majira ya mavuno. Wengi walioshuhudia wakiwa watoto wamesimulia kitu kimoja kilekile: mlio wa ng'ombe wasiokamuliwa, siku ya pili na ya tatu baada ya wenyewe kuondoka.

Kulikuwa na kanuni inayoonyesha upuuzi wa jambo zima. Mwanamke wa Kijerumani aliyeolewa na Mrusi alibaki. Mwanamume wa Kijerumani aliyeoa Mrusi aliondoka. Kwa hiyo dada wawili wa tumbo moja, mmoja alikuwa jasusi na mwingine hakuwa, kutegemea kabila la mume.

Tarehe 7 Septemba jamhuri ilifutwa na ardhi yake kugawanywa kati ya Saratov na Stalingrad. Siku moja baadaye Stalin aliagiza askari wa asili ya Kijerumani waondolewe jeshini. Treni zilikwenda Kazakhstan na Siberia, wiki kadhaa kwenye mabehewa, watoto na wazee wakifia njiani na kuachwa kwenye vituo.

Kisha Januari 1942 ikaja amri ya kuwachukua wanaume wa miaka 17 hadi 50 kwenye kile kilichoitwa jeshi la kazi. Oktoba umri ukapanuliwa, wanaume 15 hadi 55, na wanawake 16 hadi 45, isipokuwa wajawazito na wenye mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mtoto akishatimiza mitatu, mama anachukuliwa, na mtoto anaachiwa ndugu au shamba la pamoja. Someni hilo tena taratibu. Zaidi ya laki tatu walipitia jeshi hilo, wakikata miti, wakichimba makaa, wakijenga viwanda vya chuma Chelyabinsk, nyuma ya seng'enge na chini ya ulinzi wa NKVD kama wafungwa, ingawa hakuna aliyekuwa amefungwa na mahakama.

Mmoja wao ni Boris Rauschenbach, mhandisi wa ukoo wa Volga aliyezaliwa Petrograd. Alipelekwa kiwanda cha matofali cha kambi ya Nizhny Tagil, na akiwa humo aliendelea kupiga hesabu za makombora. Baadaye alisimamia mfumo wa kuelekeza chombo cha Luna 3, kilichopiga picha za kwanza za upande wa nyuma wa mwezi mwaka 1959, na akashiriki katika chombo cha Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Gagarin alitua tarehe 12 Aprili 1961 karibu na Smelovka, nje kidogo ya mji wa Engels. Alitua juu ya ardhi ambayo watu wa Rauschenbach walikuwa bado hawaruhusiwi kurudi kuishi.

Mzalendo_Mtwara

Mkuu, usiwapambe sana. Wapo Wajerumani wa Urusi waliovaa sare za SS na kuua Wayahudi. Hilo unalificha kwa nini?

Mleta mada

Sifichi, mkuu, na umefanya vizuri kulileta.

Hao walikuwa wa Ukraine na eneo la Bahari Nyeusi, ambako jeshi la Hitler liliingia kabla Stalin hajapata nafasi ya kuwahamisha. Wajerumani zaidi ya laki tatu walijikuta chini ya utawala wa Hitler na washirika wake Waromania. Katika Transnistria, sehemu ya Ukraine iliyokuwa chini ya Waromania, kikosi cha SS kilichoitwa Sonderkommando R kilipanga wanamgambo katika vijiji vyao, na wanamgambo hao mwishoni mwa 1941 na mwanzoni mwa 1942 walipiga risasi Wayahudi kwa makumi ya maelfu. Ni mauaji halisi, yenye mahali na wahusika, na kuna familia zilizohamia Ujerumani baadaye bila kuyataja kamwe. Wengi wa kundi hilo walipelekwa Poland mwaka 1943–44 na kupewa nyumba za Wapolandi waliofukuzwa. Vita ilipokwisha, zaidi ya laki mbili walikamatwa na Wasovieti na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati.

Aliyeua Berezovka, mji wa huko Transnistria, alistahili kushtakiwa kwa alichofanya Berezovka. Mama wa Balzer aliyekuwa anavuna viazi maili nyingi kutoka hapo hawezi kuadhibiwa kwa mkono wa mwingine. Ukikubali kabila zima libebe kosa la baadhi yao, sisi wa Afrika Mashariki tunajua njia hiyo inakoelekea. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wameilipia.

Bint_Pangani

Baada ya Stalin kufa hawakurudishwa? Wachecheni si walirudi?

Mleta mada

Wachecheni, Waingushi na Wakalmyki walirudishiwa majimbo yao 1957. Wajerumani wa Volga hawakurudishiwa, sawa na Watatari wa Crimea.

Mwaka 1948 walikuwa wametangaziwa kwamba uhamisho wao ni wa milele, na atakayetoroka atapata miaka 20 ya kazi ngumu. Hiyo ndiyo milele ya pili katika historia yao. Kila mwezi walijiandikisha kwa kamanda. Desemba 1955, miezi mitatu baada ya Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi kuzuru Moscow, uangalizi huo uliondolewa, lakini kwa masharti ya kutorudi nyumbani na kutodai mali. Tarehe 29 Agosti 1964 serikali ikakiri kwamba tuhuma za 1941 hazikuwa na msingi. Imekiri uongo, na imekataa kurudisha. Ujumbe wao ulipokwenda Kremlin mwaka 1965, Anastas Mikoyan, mmoja wa viongozi wakuu wa nchi, aliwaambia wazi kwamba kilimo cha Kazakhstan hakiwezi kwenda bila wao. Ruhusa ya kuchagua pa kuishi ilikuja Novemba 1972, wakati nyumba za Volga zina watu wengine kwa miaka 30.

Mwaka 1979 Moscow ilifikiria kuwapa jimbo ndani ya Kazakhstan, Yermentau. Vijana wa Kikazakhi wakaandamana Tselinograd, ambayo leo ni Astana, na mpango ukafa. Siwezi kuwalaumu Wakazakhi. Ardhi yao ilikuwa imefanywa jaa la kutupia watu waliochukiwa na Stalin, na bado wao ndio waliowapokea kwa mkate na jibini kavu mwaka ule wa 1941, wazee wengi wa Kijerumani wanalisema hilo kwa machozi.

Sensa ya 1989 ilihesabu Wajerumani zaidi ya milioni mbili katika Umoja wa Kisovieti, karibu nusu wakiwa Kazakhstan. Mwaka huo walianzisha jumuiya ya Wiedergeburt (Kuzaliwa Upya) kudai jamhuri yao. Watu wa Saratov wakapinga. Januari 1992 Rais Yeltsin wa Urusi akaenda huko akasema labda wapewe ardhi ya uwanja wa majaribio wa jeshi wa Kapustin Yar, udongo uliojaa mabomu, waufukue na kuusafisha. Baada ya maneno hayo watu walifunga mizigo.

Nanyuki_254

Na Ujerumani iliwapokea vipi? Si walirudi kwao?

Mleta mada

Kisheria walipokewa vizuri kuliko mhamiaji yeyote: uraia, masomo ya lugha, nyumba za kuanzia. Zaidi ya milioni mbili wamekwenda, walio wengi miaka ya 1990. Lakini mhandisi aliambiwa cheti chake hakitambuliki akaenda kufagia. Pensheni zao zilikatwa asilimia 40 kuanzia 1996, na mwaka huohuo ukaja mtihani wa Kijerumani. Fikiria: lugha ilikatazwa shuleni na barabarani kwa miaka, mama alimnyamazisha mtoto kwenye basi asije akaitwa fashisti, halafu unaulizwa kwa nini Kijerumani chako kibovu. Na majirani wapya wakawaita Warusi.

Waliobaki Urusi ni chini ya laki mbili kwa sensa ya 2021, Kazakhstan laki mbili na ushee. Tarehe 28 Agosti wanakusanyika, Engels, Almaty, Berlin, kusoma majina.

Kwa Kyela_Kwetu aliyeniuliza inboksi kama kuna mahali pa kutafuta kumbukumbu: ipo hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Engels yenye vitabu vya vijiji, orodha za familia, ubatizo na ndoa. Kila mwaka barua zinafika kutoka Argentina, Kansas na Ujerumani, watu wakitafuta jina la babu aliyeondoka 1876 au 1941. Na mji wa Marx, zamani Katharinenstadt, ulisimamisha tena sanamu ya malkia mwaka 2007, baada ya ile ya 1852 kuyeyushwa wakati wa vita. Sanamu imerudi. Jamhuri haijarudi, na hakuna serikali ya Moscow inayoizungumzia.

Aliyeandika kwamba walimpokea Hitler, nimemtaja kwa heshima. Kama ana jina la kijiji cha Volga na tarehe, alete hapa tuangalie pamoja.